Bomba Kuukuu Chini ya Sakafu: Je, Ni Lazima Tuvunje?

Akina mama wengi wanaoleta watoto wenye kuharisha hospitalini huniambia neno lile lile: "Sista, sisi hatunywi maji ya mtoni. Sisi tunatumia ya bomba." Hulisema kwa uhakika kabisa, kama mtu anayeonyesha kadi ya chanjo. Nami huwauliza swali ambalo huwashangaza kidogo: Bomba hilo lilizikwa lini, na limepita wapi?

Sisi wa Turiani tumejaliwa kuwa na milima ya Nguru mgongoni mwetu. Maji yanayotoka msituni juu huko ni mazuri kuliko ya kisima kifupi cha bondeni kwenye miwa. Lakini kati ya chanzo na kikombe kuna safari ndefu ya chini ya ardhi, na safari hiyo hakuna anayeiona. Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya mabomba yaliyozeeka ardhini, yale ya maji safi na yale ya maji taka, na juu ya njia moja ya kuyafanya upya bila kuyafukua. Njia hiyo imezoeleka katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani. Kamati zetu za maji, shule zetu za bweni na hospitali zetu zingefaa kuifahamu, kwa sababu nitakayoieleza.

MAJI SAFI HUCHAFUKAJE NJIANI?

Bomba la chuma likikaa ardhini miaka mingi huliwa na kutu pande zote mbili. Ndani, kutu hujijenga vinundu vinundu mpaka njia ya maji inakuwa nyembamba. Nimewahi kuona bomba la inchi moja lililokatwa, tundu lililobaki kalamu ingepita kwa shida. Watu wa mtaa ule walikuwa wakimlaumu mlinzi wa chanzo kwamba anawabania maji. Nje, udongo wenye unyevu hula chuma polepole mpaka kinatoboka.

Wengi hudhani bomba lililotoboka kazi yake ni kumwaga maji tu. Ni kweli, wakati maji yana nguvu. Lakini maji yakikatwa, nguvu ya ndani hushuka, na yale matope yaliyolizunguka bomba hupata nafasi ya kuingia kwa tundu lile lile lililokuwa likimwaga. Kwenye miteremko kama ya kwetu, maji yaliyobaki ndani yanapoendelea kushuka huvuta nyuma yao chochote kilicho karibu. Bila shaka umewahi kufungua koki siku ya mgao ukasikia inafyonza hewa badala ya kutoa maji. Basi jua kwamba kila tundu lililoko njiani linafyonza vivyo hivyo, na huko chini si hewa tu inayofyonzwa. Hata mpira wa kumwagilia ulioachwa ndani ya beseni la nepi unaweza kurudisha maji ya beseni bombani. Maji yakifunguliwa tena, anayetangulia na ndoo ndiye anayepokea uchafu wote.

Haya si maneno ya kutishana. Katika mji wa Dushanbe, nchini Tajikistan, katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 1997 waliandikishwa wagonjwa 8,901 wa homa ya matumbo, na watu 95 walikufa. Wachunguzi walikuta maji ya bombani yana vijidudu vya kinyesi. Waliokunywa maji yale bila kuyachemsha ndio walioumia zaidi, na waliochemsha walikingika. Ule ulikuwa mji wenye mabomba hadi majumbani, si kijiji cha kuchota mtoni.

NILIYOYAONA MWENYEWE

Miaka mingi iliyopita, kabla sijaja huku, nilikuwa wodi ya watoto katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Tulianza kuona jambo lisilo la kawaida. Mtoto analazwa kwa malaria au nimonia, anaanza kupata nafuu, siku ya tatu au ya nne anaanza kuharisha. Kwanza tuliwalaumu akina mama, tukawasomesha juu ya kunawa mikono. Halafu tukajilaumu wenyewe. Mtoto mmoja aliyekuwa karibu kuruhusiwa alitutoka usiku kwa kuishiwa maji mwilini. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ni maji yale yaliyomwua, maana alikuwa amedhoofu tangu mwanzo, lakini hata leo naikumbuka namba ya kitanda chake.

Mtu wa maabara ndiye aliyechukua maji ya koki ya wodini akayapima, na yakaonekana machafu. Ya tangi lililoko juu ya kilima yalikuwa safi. Akaitwa fundi bomba wa zamani, mzee aliyekuwapo tangu jengo likijengwa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasimama katikati ya wodi akagonga sakafu kwa kisigino.

"Mwanangu," aliniambia, "bomba la maji safi limepita hapa, na hili la vyoo linalikata pale penye kitanda cha kona. Wakati ule yote mawili yalikuwa mapya."

Ikaeleweka. Bomba la vyoo, ambalo lilikuwa la udongo wa kuchoma, lilikuwa limepasuka kwenye maungio yake na linavuja chini ya sakafu. La maji safi, la chuma, lilikuwa limetobolewa na kutu. Na kila mchana maji yalikuwa yakifungwa kwa mgao.

Sasa sikiliza lililofuata, maana ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kila mtu alijua ubaya uko wapi, lakini hakuna aliyethubutu kuugusa. Kutengeneza kulimaanisha kuvunja sakafu ya wodi ya watoto na kuendelea hadi chumba cha kujifungulia. Wajawazito tungewapeleka wapi? Fedha za kumwaga sakafu upya zingetoka wapi? Basi kikao kikaahirisha, na kingine kikaahirisha. Tulifunga koki za wodini kwa kamba, tukaweka ndoo zenye vifuniko na maji yaliyotiwa dawa ya klorini, na hali ile ikaendelea miezi mingi.

Hatimaye bomba la maji safi liliachwa huko huko chini, likafungwa kabisa, na jipya la plastiki likapitishwa ukutani chini ya dari. Ilikuwa kazi ya siku nne. Tuliona aibu kwamba hatukuwaza hivyo mapema. Ukiwa na bomba la maji safi lililopita mahali pabaya, jambo la kwanza la kuuliza ni hilo: je, haliwezi kupita kwingine? Maji yenye nguvu hupanda ukuta bila taabu.

Lakini la vyoo halipandi ukuta. Maji taka huenda kwa mteremko tu, lazima bomba lake libaki chini. Ili kulibadilisha, sakafu ilivunjwa kipande kwa kipande, na wajawazito wakahamishiwa ukumbi wa mikutano kwa wiki sita, pazia likiwa ndilo ukuta. Nimezalisha wengi nyuma ya pazia lile.

PLASTIKI INAYOKUMBUKA UMBO LAKE

Kila aliyejenga nyumba amemwona fundi akiwasha karatasi, akizungusha ncha ya bomba la plastiki juu ya moto mpaka ilegee, kisha akaipanua kwa kuivika kwenye bomba jingine ili apate soketi. Plastiki ile ngumu huanza kulegea inapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi. Ikipoa huku imeshikiliwa, hubaki na umbo jipya. Ukiipasha moto tena bila kuishikilia, hutaka kurudi katika umbo iliyozaliwa nalo. Ni kama ina kumbukumbu.

Tabia hiyo ndiyo inayotumika kulitia bomba kuukuu bitana, kama fundi cherehani anavyotia bitana ndani ya koti. Kiwandani hutengenezwa bomba la plastiki la mviringo, kisha likiwa bado na moto hukunjwa kwa urefu wake mfano wa herufi C, likazungushwa kwenye gurudumu kubwa kama waya wa umeme. Likiwa limekunjwa hivyo huwa jembamba kiasi cha kupita ndani ya bomba la zamani.

Kabla ya kuliingiza, mafundi hupitisha kamera ndogo yenye taa kwenye bomba kuukuu, sawasawa na madaktari wanavyopitisha kamera kutazama tumbo la mgonjwa wa vidonda. Wanaona penye nyufa, penye mizizi ya miti, penye kubonyea. Halafu husafisha kwa maji yenye nguvu kubwa, kukwangua kutu na kukata mizizi. Kazi hii ya kusafisha ndiyo yenye kuchosha na ndiyo isiyotakiwa kufanywa kwa haraka, maana uchafu uliobaki utakuwa kinundu chini ya bitana milele.

Ndipo bitana iliyopashwa moto ikalegea huvutwa kwa kamba ya chuma na winchi, kutoka chemba moja hadi nyingine. Ncha mbili huzibwa, na mvuke huingizwa ndani. Plastiki ikishika moto huanza kukunjuka. Nguvu ya mvuke na hewa huisukuma nje mpaka inagandamana na ukuta wa bomba la zamani pande zote. Sisi wauguzi twaweza kufananisha na kile kipira kilicho kwenye ncha ya katheta, ambacho huingizwa kibofuni kikiwa kimenywea ndipo kijazwe maji. Au na kazi inayofanyika pale Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambapo mshipa wa moyo ulioziba hutanuliwa kwa ndani bila kupasua kifua.

Mvuke ukisha kufanya kazi yake, huingizwa hewa ya baridi huku nguvu ikiwa bado imeshikiliwa. Wakiilegeza mapema plastiki itanywea. Ikiisha kupoa ncha hukatwa, na sasa kuna bomba jipya ndani ya la zamani, halina maungio ya kuvuja na laini kiasi kwamba maji hupita vizuri hata kama upana umepungua kidogo. Matawi ya pembeni huwa yamezibwa na bitana, hivyo kwenye maji taka hupitishwa mashine ndogo ya kukata matundu kwa ndani. Kwenye maji safi, mara nyingi huchimbwa shimo dogo penye kila unganisho. Kwa hiyo mtu akikuambia hakuna kuchimba hata kidogo, mwulize juu ya matawi.

Jambo lenyewe si la jana. Mwaka 1971 Mwingereza Eric Wood alitia bitana katika mtaro wa zamani wa maji taka huko Hackney, London, kwa kutumia soksi ndefu ya kitambaa iliyoloweshwa gundi inayokauka kuwa ngumu. Hizi za plastiki inayotanuliwa kwa joto zilikuja baadaye. Kwa kipande kifupi kama kile cha wodi yetu, kuingiza bitana ni kazi ya siku moja au mbili, bila kuhesabu usafishaji. Nikikumbuka wiki sita za pazia, hesabu hiyo naifanya kichwani mara kwa mara.

PALE ISIPOFAA

Bitana haifufui bomba lililokufa kabisa. Likiwa limeporomoka au limebonyea sana, hakuna kitakachopita. Kona kali huifanya ikunjamane. Tena kwa sisi wenye hospitali kuna jambo ambalo fundi asiyezijua wodi hawezi kulifikiri: plastiki inayolegea kwa nyuzi 80 si ya kumwagiwa maji yanayochemka. Kama bomba la taka linapokea maji ya moto kutoka chumba cha kufulia mashuka au cha kuchemshia vifaa, semeni mapema, ili ichaguliwe njia nyingine au maji yapozwe kwanza.

Kwa bomba dogo la uani linalopita kwenye udongo wazi, maoni yangu ni kwamba tusihangaike na mitambo. Zipo bitana nyembamba hata za mabomba madogo ya nyumbani, na Ulaya huzitumia kufunika mabomba ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Lakini kwetu majembe na vijana wawili watafukua mtaro kwa asubuhi moja, na bomba jipya la polythene halina gharama ya kutisha. Mtambo wa mvuke una faida pale ambapo juu ya bomba kuna kitu kisichovunjika kirahisi: wodi, barabara ya lami, kanisa, kiwanda.

Pana pia njia ya katikati ambayo fundi mzuri wa hapa nchini anaweza kuifanya bila mvuke, nayo ni kuvuta bomba jembamba zaidi la polythene ndani ya lile pana la zamani. Unapoteza upana zaidi kuliko kwa bitana inayogandamana, lakini kama lile la zamani lilikuwa pana kuliko mahitaji, hakuna hasara kubwa.

Jihadharini na mabomba ya saruji iliyochanganywa na asbesto, ambayo yalizikwa sehemu nyingi duniani, hata Afrika Mashariki. Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi thabiti kwamba kunywa maji yaliyopita humo kunadhuru. Hatari iko kwenye vumbi lake likivutwa na mapafu, yaani siku ile fundi anapolikata kwa msumeno wa umeme bila maji wala kizuizi puani. Kwa bomba kama hilo, kuliacha limezikwa na kutia jingine ndani yake au kupitisha jipya pembeni ni salama kuliko kulifukua na kulikatakata.

Na nisingependa msomaji adhani kwamba bomba likiwa zima basi tumepona. Huko Uvira, mashariki ya Kongo, pwani ya Ziwa Tanganyika, watafiti walilinganisha maji yaliyozalishwa mjini kila siku na idadi ya waliolazwa kwa kuhisiwa kipindupindu kati ya mwaka 2009 na 2014. Siku ambayo maji ya bomba hayakutoka kabisa ilifuatiwa na ongezeko la wagonjwa la asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Karibu robo ya wote waliolazwa walihesabiwa kutokana na upungufu wa maji ya bomba. Huko tatizo halikuwa tundu ardhini tu. Koki ikikauka watu hushuka ziwani na ndoo zao. Bitana nzuri kuliko zote ndani ya bomba lisilo na maji haimsaidii mtu. Nasi wa Morogoro tusisahau kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 jinsi kilivyotufikia.

KABLA HAMJASAINI

Kijijini, wanaohusika ni chombo cha watumia maji pamoja na RUWASA, na mjini Morogoro ni MORUWASA. Kwa jengo la taasisi, ni wenyewe na fundi wao. Yeyote atakayekuja na habari ya kutia bitana, aonyeshe kwanza picha za kamera za bomba lenyewe, si za bomba la mahali pengine. Kama ni la maji ya kunywa, aonyeshe kwa maandishi kwamba plastiki hiyo imepimwa na kuruhusiwa kwa maji ya kunywa. Zipo za maji taka zinazofanana nayo kwa macho. Na baada ya kazi, bomba lisafishwe kwa klorini, lisuuzwe, maji yapimwe maabara, ndipo watu wanywe.

Tafuteni pia ramani. Ninasema kwa uchungu kidogo, maana katika majengo mengi ya zamani ramani ya mabomba ni kichwa cha mzee mmoja, na mzee akiondoka imeondoka. Kama huyo mzee yupo, mketisheni leo, mchore anayoyajua.

Wakati mnasubiri fedha, msifunge tundu kwa tyubu ya baiskeli mkaita matengenezo. Tyubu huzuia maji kutoka kwa muda, haizuii uchafu kuingia maji yakikatwa. Maji ya kunywa yachemsheni mpaka yatoe mapovu makubwa, au yatieni dawa kama WaterGuard kwa kufuata maelezo ya pakiti. Maji ya tope yachujwe kwanza, la sivyo dawa inaishia kwenye tope. Mwulizeni mhusika wa maji kama anapima klorini kwenye koki ya mwisho, si tangini tu. Ikifika koki ya mwisho inapaswa kuwa imebaki angalau miligramu 0.2 kwa lita, na ikiwa inatoka tangini nzuri na kufika kwenu sifuri, kuna kitu njiani kinachoila.

Mtoto akianza kuharisha apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, aendelee kunyonya na kula, na aletwe kituoni apate pia vidonge vya zinki. Akilegea, macho yakizama au asipoweza kunywa, msingoje kesho.

Na siku maji yakirudi baada ya mgao, yaacheni yatoke kwanza mpaka yang'ae. Yale ya mwanzo kinga kwa ndoo, mwagia migomba.